Mwalimu Huachama Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa zahanati yetu, Daktari wa meno tunayekuaga leo unapostaafu, walimu wenzangu, ndugu wazazi, nanyi wanangu mliokaa mkekani hapa mbele mkijifanya hamna pipi mifukoni: habari zenu!

Nimeombwa niseme kwa kifupi. Mimi ni mwalimu mkuu wa chekechea. Kwa kifupi sijawahi.

Ndugu zangu, nani aliamini kwamba mtoto wa miaka mitatu, ambaye hata kuoga anakimbizwa uani, angekubali kupakwa dawa menoni kwa brashi? Siku ya kwanza Daktari alitueleza kuwa vijidudu vya kinywani hula sukari ileile anayokula mtoto, kisha hutoa asidi inayotoboa jino, na kwamba vanishi ya floridi huliimarisha jino lisitoboke upesi. Alieleza vizuri mno. Watoto wakafumba midomo, wote, kama waliokula njama.

Akanigeukia: "Mwalimu, kaa hapa. Achama." Jamani! Mimi namwogopa daktari wa meno kuliko mkaguzi wa shule. Lakini macho yote yale yananitazama, ningefanyaje? Nikaachama, akanipaka, sikufa. Tangu hapo ikawa desturi yetu: anaanza mwalimu, ndipo darasa linapanga foleni.

Na wewe baba seremala, usijifiche nyuma ya mkeo, nakuona! Huyu aliposikia binti yake kapakwa vanishi, alimkalisha mlangoni pa karakana, kinywa wazi, apigwe na upepo. Daktari akapita, akashika kiuno: "Fundi, vipi tena?"

"Nangoja mkono wa kwanza wa vanishi ukauke, Daktari, ndipo upige wa pili."

"Hii hushika kwa mate! Mwache mtoto afumbe mdomo, huyo si kabati!"

Binti mwenyewe yupo pale mkekani, meno yake yote anayo, na siku hizi hafumbi mdomo hata nikiomba kimya.

Lakini wiki iliyopita daktari mpya alipokuja na brashi yake, mimi nikiwa mkutanoni, hakuna mdomo hata mmoja uliofunguka. Binti wa seremala aliingia chini ya meza, akasema, "Huyu hatumjui." Jana Daktari wetu akaniambia, machozi yakimlengalenga: "Mwalimu, nitapumzikaje nyumbani na midomo ile imefungwa? Vijidudu havistaafu."

Yameniuma maneno hayo, Daktari. Umetuachia watoto wanaocheka bila kuziba midomo kwa viganja. Je, tukushukuru kwa kuacha meno yao yaoze? Hasha! Nami nimejiuliza: walimkataa daktari mpya, au walikuwa wakimngoja mwalimu wao?

Daktari mpya, njoo na brashi. Kiti hiki hapa. Wanangu, mnaniona vizuri? Daktari wangu, nishike mkono.

Asanteni nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Mnanijua, ningeendelea, lakini sasa naachama.