Mama Bhoke na Ndoo za Suguti

Mama Bhoke Nyamhanga anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na moja ya kupika na kugawa chakula katika kikundi chetu cha kujitolea hapa Nyakato, Musoma. Alianza na sufuria moja aliyotoka nayo nyumbani kwake. Leo kikundi kinapeleka unga, maharage, chumvi na sabuni mpaka vijiji vya Bunda, kwa wakulima ambao pamba imewatupa.

Sisi wabeba magunia tunamjua kwa mdomo wake. Ukiburuza gunia badala ya kulibeba, unasikia kutoka jikoni: "We Machibya, ng'ombe wa mahari ungewaburuza hivyo?" Unalibeba. Mgongo unauma lakini unacheka, na ukimaliza unakuta uji wako tayari, hata kama umetoka mbali na huna ndugu hapa mjini.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilianza kwa kosa lake mwenyewe, na yeye ndiye aliyesema liandikwe. Mwaka ambao mvua ilikata mapema, tulikuwa tunapeleka chakula kijijini Suguti kwenye ndoo ndogo za plastiki. Ndoo hazikurudi. Mama Bhoke akakasirika, akatangaza kanisani kulekule kwamba asiyerudisha ndoo hapewi tena. Wiki iliyofuata gari lilifika, watu hawakuja. Tukarudi Musoma na chakula chote.

Kesho yake alipanda bodaboda, akapita nyumba kwa nyumba. Alimkuta Mzee Mugeta, anayeishi peke yake tangu afiwe na mkewe, amelala, midomo imekauka, hana nguvu ya kuinuka. Ndoo ilikuwa mlangoni, imesuguliwa mpaka inang'aa.

"Sasa mzee, si ungeileta tu?"

"Niilete tupu, mwanangu? Nilikuwaga na mihogo, nilikuwaga na kuku. Sasa hivi niweke nini humo?"

Hapo akaelewa. Chombo kilicholetwa na chakula hakirudishwi kitupu. Hata yeye kwao Butiama alilelewa hivyo, akasahau kwa haraka ya kazi. Alimkorogea mzee uji, akakaa naye mpaka akaweza kuketi. Jumapili akasimama palepale kanisani, akayafuta maneno yake. Akasema wekeni chochote, hata majani mawili ya mchicha.

Ndoo zikaanza kurudi. Zilikuja na matembele, ndimu, vijiti vya kuni, na moja ilikuja na kifaranga hai kilichokula mahindi yetu mpaka kikawa jogoo mkorofi. Mboga tulizipeleka kwa wazee wasiojiweza wa Bweri, hapa hapa Musoma mjini. Watu wa Suguti waliposikia hivyo, wakaanza kulima tuta la ziada kwa ajili ya Bweri, na mpaka leo wanalima. Mzee Mugeta anatukagua kila tukifika: "Hao wa Bweri wanakula lakini, au mboga zetu mnawapa mbuzi?"

Jiko sasa analishika Lilian, mwenzetu wa kikundi. Ameshatugombeza mara kadhaa, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Mama Bhoke, asante. Miaka yote hii umekula umesimama, mwiko mkononi, baada ya watu wote kushiba. Nenda salama Butiama. Waache wengine wapike, na wewe ukae chini, ule chakula kikiwa bado cha moto.