Tove Lindegaard na Damu ya Miguu Miwili

Tunayemsindikiza leo, Tove Lindegaard, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 mjini Lemvig, mtoto wa tatu wa mwoka mikate Aksel Bundgaard na mkewe Ebba. Alisoma hukohuko, kisha akajifunza kazi ya maabara Aarhus na kuhitimu mwaka 1967. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kushona, na yote mawili aliyasema mwenyewe bila haya.

Mwaka 1971 aliolewa na Preben, tarishi aliyepeleka barua kwa baiskeli hapa Valby, Kopenhagen, wakajaliwa binti mmoja, Signe. Baridi yabisi ilipomvamia Preben magotini, Tove alimkataza hata kwenda kununua mkate. "Keti hapo! Ukijisukuma, uvimbe utapanda." Preben akaketi miaka mitatu, akakakamaa.

Kwa miaka thelathini na nane Tove alipima damu katika maabara ya misuli jijini Kopenhagen. Siku moja mwaka 1999, mtu aliyejitolea alifanyishwa mazoezi ya mguu mmoja kwa muda wa saa tano, huku damu ikichukuliwa pajani, inayoingia na inayotoka. Kijumbe fulani cha kemikali, walichokijua kwa kuchochea uvimbe, kilikuwa kimepanda mno. Daktari Palle wa maabara hiyo akaguna, "Umechafua sampuli, Tove. Au jamaa ana mafua."

"Mafua gani ya mguu mmoja, wewe?" Akapima upya, miguu yote miwili. Mguu uliotulia haukutoa kitu. Misuli inayofanya kazi ndiyo iliyokimwaga, na nyuma yake vikapanda vijumbe vingine vya kutuliza uvimbe. Baada ya mapumziko, chenyewe kikashuka.

Alirudi nyumbani, hata koti hajavua. "Preben, nimekukosea. Inuka, tutembee."

"Miaka mitatu umenikalisha kama mfuko wa barua, leo ndiyo unaniambia!" Preben alicheka, lakini Tove alilia. Tangu hapo walizunguka ziwa la Damhus kila siku, polepole, hadi Preben alipofariki mwaka 2011.

Moyo wa Tove ulianza kuchoka Oktoba 2022, akahamia kwa Signe. Daktari aliruhusu matembezi mafupi. Signe, kwa kuogopa barafu, alimfichia viatu. Jumapili tarehe 5 Februari 2023, Tove alimsihi, "Mwanangu, nipeleke hadi kona tu."

"Kesho, Mama. Leo kunateleza."

Usiku ule alizidiwa, hakuinuka tena. Alhamisi tarehe 9 alifariki, mkono wake umo mikononi mwa Signe. Signe ameomba hili lisomwe lilivyo. Linamuuma, jamani, na wa kumwomba radhi hayupo tena.

Ameacha binti yake Signe, mkwewe Ulrik, wajukuu Asger na Liva, na kaka yake Egon, anayewasomea maneno haya.

Gari la maiti tumelirudisha. Kutoka mlango huu wa kanisa hadi kaburini, ubavuni mwa Preben, ni hatua mia nne, na nje barafu ipo. Signe atabeba jeneza mbele, upande wa kulia. Twendeni naye polepole.

Lala salama, Tove wetu.