Mzee Kovu, Aliyeirudisha Ripoti Yake Mwenyewe

Miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, karani wa tathmini wa idara yetu ya upasuaji anakabidhi ufunguo wa ofisi yake, kile chumba chembamba kilichobanwa kati ya stoo ya mitungi ya oksijeni na choo cha wafanyakazi. Hakuwahi kuomba kingine.

Kazi yake mnaijua, na asiyeijua aone haya. Wafadhili wakitoa ruzuku ili madaktari wafanye utafiti wa upasuaji, yeye ndiye wa kusema baadaye kama ruzuku hiyo imemsaidia mtu. Alipoanza alipima kama alivyofundishwa: makala ngapi zimeandikwa, mikutano mingapi imehudhuriwa. Shati limepigwa pasi, ripoti imenyooka.

Mwaka wake wa tisa, daktari bingwa alimaliza utafiti wa njia mpya ya kufunga vidonda vya waliopasuliwa tumbo. Makala nne zilitoka. Karani wetu akasimama kwenye kikao cha idara akasoma: mafanikio makubwa. Ruzuku ya pili ilikuwa inasubiri sahihi tu. Mimi nilikuwa nyuma na wenzangu wa kufulia, tumeitwa kunywa chai. Nikamuuliza, "Baba, hayo mafanikio yamelala wodi gani? Mbona mashuka bado yananijia na usaha uleule?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake asubuhi alikuja kwetu na daftari, akavaa glavu, na kwa wiki sita akakagua mashuka pamoja nasi, moja moja. Siku ya kwanza alitapika kwenye beseni safi, nikamfokea, akaliosha. Kisha akaanza kuwafuata wagonjwa majumbani. Anabisha hodi, anasalimu, anasema, "Samahani mama, naomba nione kovu." Mama mmoja alimtimua kwa mwiko. Jina la Mzee Kovu likamganda hapo.

Alichokuta ni hiki. Njia ile ilikuwa nzuri kweli. Lakini wauguzi wa kubadilisha bandeji walilipwa na ruzuku. Ruzuku ilipokwisha wakaondoka, na bandeji zikafungiwa stoo. Makala zikabaki, vidonda vikarudi kufumuka kama zamani.

Akairudisha ripoti yake kabla sahihi haijawekwa. Mstari wa kwanza wa ripoti mpya aliandika: "Nilikosea." Tangu nizaliwe sijaona msomi akianza na neno hilo. Ruzuku ilisimama mwaka mzima. Bingwa alimwambia mbele ya watu, "Wewe unataka kutufungia idara!" Miezi kadhaa hakuna aliyekaa naye meza moja. Alikula peke yake, daftari kando ya sahani. Na nyinyi mliomnunia, nawaona leo mmejipanga safu ya mbele na tai zenu. Kaeni tu, lakini msikilize.

Ruzuku iliporudi, ilikuja na masharti aliyoyapendekeza yeye: wauguzi wa bandeji waajiriwe na hospitali yenyewe, na kila mgonjwa aonwe kovu lake mwaka ukitimia. Tangu hapo mashuka yanakuja na damu, ndiyo, hospitali ni hospitali. Usaha nauona kwa nadra. Bingwa naye, mwaka mmoja baada ya kupasuliwa ngiri, alifunua tumbo mwenyewe bila kuombwa.

Sasa nasikia kazi hii itafanywa na fomu ya kompyuta, mgonjwa apigiwe simu aulizwe hali. Nyie! Mgonjwa ukimpigia simu atakujibu "sijambo" hata kama kidonda kinanuka. Sote tumelelewa hivyo. Mzee Kovu alilijua hilo, ndiyo maana viatu vyake viliisha soli kila mwaka.

Daftari lake la mwisho kaniachia mimi. Lina watu kumi na wawili ambao mwaka wao haujatimia. Wa kwanza ni fundi mwashi, anatimiza Jumanne. Nitakwenda mimi, na magoti yangu haya mabovu. Ila mwandiko wa Mzee Kovu siuwezi, kwa hiyo mmoja wenu wa tai aje anisomee njia.

Mzee Kovu, ahsante. Kapumzike na mama watoto, ucheze na wajukuu, mgongo wako usahau kile kiti kibovu. Tunakuombea siku nyingi zenye afya. Jumanne usihangaike, tutabisha hodi sisi.