Msimwite Nesi: Historia ya Marehemu Audrey Chelagat, Aliyekanda Miguu ya Watu

Wachungaji, ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kanisani hapa Adelphi, Maryland, kabla hamjafungua programu mliyopewa mlangoni tafadhali ikunjeni kwanza, maana historia iliyochapishwa ndani yake iliandikwa na kamati ya mazishi Jumanne iliyopita, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kumuuliza marehemu swali lolote zaidi ya kama chakula kiko tayari. Hii ni nyingine, na anayewasomea ni wifi yake, Serah Njuguna, ambaye naye alikaa katika kikao hicho hicho.

Audrey Chelagat alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kaptarakwa, kwenye baridi ya juu ya bonde la Kerio, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Birech na marehemu Mama Rebeka. Alisoma shule ya msingi ya pale nyumbani kuanzia mwaka 1978 hadi 1985, akaendelea na shule ya upili ya wasichana kuanzia 1986 hadi 1989, akapata alama ambazo kamati imeziita nzuri, na ambazo yeye mwenyewe alizicheka maisha yake yote, akisema hazikutosha hata kumwombea kazi ya kufungua lango la shule.

Mnamo Januari 1991 aliajiriwa kuwa mpishi katika kambi ya wakimbiaji karibu na Iten, na hapo ndipo mkandaji wa kambi, Mzee Kipchumba, mtu wa hasira fupi na maneno mafupi zaidi, alipomwona akikanda unga wa chapati, akaitazama mikono ile kwa muda, akamwambia aache unga aje kwenye miguu. Alifundishwa kwa miaka kumi, jinsi ya kukanda kuelekea moyoni na si kinyume chake, jinsi ya kumgusa kwa upole mtu aliyetoka kushindana siku hiyo na kuziacha nguvu hadi siku ya tatu, na jinsi ya kutofautisha maumivu ya kazi, ambayo hukaa kwenye miguu yote miwili, na maumivu ya hatari, ambayo huchagua mahali pamoja. Ieleweke pia, kwa kuwa Wamarekani walimuuliza hadi akachoka, kwamba yeye hakuwahi kukimbia, hata basi likimwacha alikuwa anasubiri linalofuata.

Tarehe 2 Juni 2002 aliingia Marekani, akafikia Langley Park kwa binamu yake Chepkoech, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba, na baada ya wiki tatu alikuwa tayari anaogesha na kulisha wakongwe katika nyumba ya kulelea wazee, si mbali na kanisa hili. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na miwili, kwa adabu, bila kuipenda, na katika miaka hiyo kulikuwa na watu wa aina moja tu aliowadharau kutoka moyoni, nao ni sisi, tunaopiga shifti mbili kwa siku, tunaolala kwa saa nne tu, halafu Jumapili tunakuja hapa kujisifia uchovu wetu kana kwamba ni digrii.

Tarehe 13 Desemba 2003 alifunga ndoa na Gichuki Njuguna, kaka yake Serah, fundi wa mashine huko Manassas, mtu mpole ambaye hakuwahi kumwonea mkewe haya, jambo ambalo ukoo wake haukuweza kujisifia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kipchumba, aliyezaliwa tarehe 7 Mei 2005 na kupewa jina la yule mzee wa kambini, na Shiku, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2008.

Kati ya mwaka 2012 na 2013, baada ya kazi, alisomea ukandaji, akafaulu, akapata leseni ya jimbo la Maryland ambayo hadi leo imetundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni, mahali ambapo kila mmoja wenu aliyewahi kula pilau katika nyumba ile aliiona na akajifanya haoni. Mwezi Januari 2015 aliacha nyumba ya wazee, akaajiriwa na klabu ya wachezaji wa skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu na fimbo mbili, kilomita baada ya kilomita, milima kwa mabonde. Mwezi huo huo wanawake wa kanisa walipomuuliza Serah wifi yake amehamia wapi, Serah aliwaza neno masaji litakavyosikika kwenye mdomo wa watu, akaona midomo itakavyopinda, akajibu kwamba Chelagat amekuwa nesi. Uongo huo ulizaliwa hapo, mama yake ndiye huyu anayesoma, na kamati iliulea tu.

Sasa, ni haki kusema kwamba wachezaji hao nao hakuwaonea huruma. Aliwaona watu wazima wenye akili zao, mawakili, wachumi na wakubwa wa ofisi za serikali, ambao kwa kukosa theluji huku kwetu walivaa skii za magurudumu katikati ya Agosti, wakajisukuma kwa fimbo barabarani huku jua likiwachoma, halafu wakafika mezani kwake na mifuko ya vifaa, magogo ya sponji ya kubiringisha chini ya misuli, mashine za kukandia zinazonguruma kuliko za kinyozi, mapipa ya kukalia ndani ya barafu, soksi za kubana hadi kidole kinageuka zambarau, na saa za mkononi walizozitazama ili ziwaambie kama wamechoka. Aliwauliza kama wanahitaji saa nyingine ya kuwaambia wana njaa. Vifaa vyote alivirundika kwenye kona, akawapa masharti ambayo hayakuhitaji betri: uvue shati lenye jasho kabla hujasimulia ulivyoshinda, ule kitu kabla ya nusu saa kupita, na uji wake aliuleta mwenyewe kwenye chupa ya chai, utembee kidogo, ulale kwa muda wa saa nane kamili, uinue miguu juu ya mto, na siku moja kila wiki usifanye chochote. Aliyekuja mezani akiwa amefanya mazoezi siku ya mapumziko alimrudisha nyumbani bila kumgusa, awe jaji awe nani.

Tarehe 14 Februari 2022, siku moja baada ya klabu kurudi kutoka milima ya West Virginia, safari ya zaidi ya saa tatu ndani ya gari, wakili mmoja aitwaye Lindquist alilala mezani akilalamika kwamba shavu la mguu wa kushoto limekaza, akataka likandwe kwa nguvu zote kwa sababu Jumamosi ana mashindano. Chelagat aliweka kiganja, akakuta joto, akapima kwa uzi, akakuta mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, akaondoa mikono. Wakili alimwambia yeye ni wa kukanda na si wa kutoa maoni, na akaongeza mengine ambayo hayasomwi kanisani, naye Chelagat alimtupia viatu vyake, akamwambia kocha, mama Kirsten, "Mpeleke hospitali saa hii, mimi siui mtu kwa vidole vyangu." Lilikuwa bonge la damu iliyoganda, na daktari aliandika kwa mkono wake kwamba lingekandwa lingeng'oka na kupanda mapafuni. Barua hiyo Chelagat aliitia fremu, akaitundika chini ya leseni, nasi tuliendelea kula pilau chini yake bila kuisoma.

Tarehe 10 Juni 2023, katika sherehe ya Kipchumba kumaliza shule ya upili, Bwana Gitau, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati, alisimama na kipaza sauti akamkaribisha mama mzazi, nesi wetu mpendwa. Shiku, akiwa na miaka kumi na minne, alisema kwa sauti, "Lakini Mum si nurse," watu wakacheka kama wanavyochekea mtoto, ndipo Chelagat alipoinuka, akachukua kipaza sauti, akasema, "Mtoto ako right. Nurse ana kazi yake na amesomea. Mimi nakanda watu miguu, na hakuna kitu nimeiba." Aliporudi kukaa alimshika Serah mkono akamwambia polepole, "Nikifa, usiwaache waniite nurse. Wewe ndio ulianza, wewe ndio utamaliza." Serah aliahidi, kwa haraka, ili yaishe.

Mwezi Agosti 2024 alianza kuumwa mgongo, na tarehe 3 Oktoba madaktari waligundua saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa. Kuanzia Krismasi miguu yake ilivimba, na nyumba ikajaa watu, waliokuja kuomba, kuimba, kula, na kuongea na simu kwenye korido, ila katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyegusa miguu ile. Serah alikuwepo kila siku, na kila siku alijipa kazi ya kuosha vyombo, hata vilivyokuwa safi. Waliogusa ni wale wa skii, waliokuja zamu kwa zamu kila Jumanne na Ijumaa, wakamuuliza kwanza nesi aliyekuwa anamhudumia nyumbani kama inafaa, wakavua saa zao, wakapiga magoti kando ya kitanda, wakamkanda kwa upole kutoka vidoleni kuelekea moyoni kama alivyowafundisha, na mbele yao wote alikuwa wakili Lindquist, ambaye alitukanwa kwa Kikeiyo, Kiswahili na Kiingereza kwamba mikono yake ni ya kupigia muhuri, na akarudi Ijumaa iliyofuata.

Jumapili tarehe 16 Februari 2025, asubuhi, watu wakiwa hapa kanisani wakimwombea, Chelagat alimwita Serah kutoka jikoni, akamwambia akaushe mikono, kisha aishike miguu. Serah alikuwa wifi yake kwa miaka ishirini na moja na hakuwahi kuigusa. Aliikanda akilia, bila mpangilio wowote, na mgonjwa alimtazama kwa ile dharau yake tuliyoizoea, akasema, "Vibaya sana. Endelea." Aliendelea hadi saa saba mchana, ndipo mguu wa kulia ulipoacha kujibu, na Audrey Chelagat akaaga dunia, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Siku mbili baadaye kamati ilikaa. Bwana Gitau alisema neno mkandaji litaaibisha familia mbele ya wageni, kila kichwa kikaitikia, na kichwa cha Serah nacho kikainama pamoja na vingine, kwa hiyo katika ukurasa wa pili wa programu, mstari wa juu, mtakuta neno Nesi mbele ya jina lake. Fungueni sasa. Mwenye kalamu alifute neno hilo, asiye na kalamu aazime kwa jirani, na Bwana Gitau, kalamu hii hapa. Tutasubiri.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomtunza, manesi hasa, ambao cheo chao alikiheshimu kiasi cha kutokubali kukivaa bure, inawashukuru majirani wa jengo zima, kocha Kirsten na klabu yake, wakiwemo hao sita waliosimama nyuma kwa sababu wazee wa mlango hawakujua wawaweke wapi, tafadhali wapisheni waje mbele, kwa kuwa Gichuki ameamua kwamba ndio watakaobeba jeneza. Wanaodhani hiyo ni aibu, mlango uko wazi.

Audrey Chelagat, mkandaji, ulituambia tupumzike tukakuona mvivu, na leo umetutangulia kwa hilo pia. Wahudumu wa mazishi waliokulaza jenezani walituambia si kawaida, lakini Serah hakutoka pale hadi wakakubali, kwa hiyo pumzika kwa amani, wifi, mto uko chini ya miguu.