Kikombe cha Mama Lita

Mchungaji, jamaa, na ninyi majirani mliotoka Gatwekera kwa miguu asubuhi hii, mimi ni Lavender, kitindamimba wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu ndimi niliyeishi naye, na nitasoma jinsi nilivyoandika.

Mama yetu, Filister Mideva, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Chavakali, akiwa wa tatu kati ya watoto wanane, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1973, akaachia hapo kwa kukosa karo, ingawa hesabu haikuwahi kumshinda.

Mwaka 1979 alikuja Nairobi, akapanga Gatwekera, Kibera, na tarehe 6 Desemba 1980 akafunga ndoa na Timothy Khamala, fundi wa bati, ambaye alimtengenezea kikombe kutokana na mkebe wa mafuta ya kupikia, na nyumbani kwetu mtu akisema kikombe alimaanisha hicho, vingine vilikuwa vya wageni. Walijaliwa watoto watatu, Phanuel mwaka 1982, Nelima mwaka 1985, na mimi mwaka 1991. Baba alitutoka tarehe 2 Agosti 2011.

Kuanzia mwaka 1984 Mama aliuza maziwa Gatwekera, na tangu 1998 hapa Kabiro, Kawangware, ambapo kila mteja alikuja na kipimo cha kwao, huyu chupa ya soda, yule mkebe, mwingine robo debe, naye akawageuzia kwa lita bila kushika kalamu, ndiyo maana mkamwita Mama Lita. Kipindupindu kilipoingia alipita mlango kwa mlango akieleza kwamba debe la zamani ni lita kumi na nane, mtungi ni ishirini, na dawa ya kutibu maji ya mtungi isimwagwe yote ndani ya debe, na Bwana Kitheka, ambaye ameketi pale, alimwambia kwamba yeye anaumwa na tumbo, hajaomba somo la hesabu, akajibiwa kwamba hata hilo tumbo lina lita zake.

Septemba 2023 miguu ya Mama ilivimba, ikaonekana ni moyo, na daktari akaagiza asinywe zaidi ya lita moja kwa siku, akanirahisishia kwamba hiyo ni vikombe vinne. Nilirudi nyumbani nikachukua kikombe chetu, nikawa nampimia vinne kila asubuhi, vimejaa, nikivimimina kwenye jagi lake kabla sijaenda kufulia watu nguo, na jioni nikikuta maji yamemwagiwa sukuma wiki ya kwenye gunia mlangoni nilimgombeza, baadhi yenu mkiniunga mkono, naye akasema tu, wewe Lavender, wacha kelele, nimekunywa yangu.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tano asubuhi, hospitalini, nikiwa kando yake. Jumamosi, nikiosha vyombo vya wageni, nilipima kile kikombe kwa chupa ya dawa yenye alama, nikapata mililita mia nne, nikaketi chini, kwa sababu vinne vya namna hiyo ni lita moja na nusu na zaidi, nikaona kwamba mimi ndiye niliyemmaliza. Kisha nikaona mstari ndani ya kikombe, umekwaruzwa kwa msumari, nikajaza hadi hapo, nikapima, ikawa mia mbili na hamsini kamili. Alikuwa akijipimia upya kwa mstari huo, vinne kwa siku, na kinachobaki akiipa sukuma. Hakuniambia nimekosea, nafikiri aliona nilivyokuwa nikirudi nimechoka.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, Mutheu wa mlango wa pili aliyeketi naye nikiwa kazini, wauza maziwa wenzake, na majirani mliotuchotea maji wiki hii yote bila kuitwa. Tutamlaza Kimilili, kwao Baba, kando yake.

Mama, mstari nimeuona. Pumzika sasa, kwa amani.