Mwalimu Nzioka na Wingi wa Stadium

Wachungaji, walimu, majirani na nyote mliofika hapa Kathiani kuomboleza nasi, familia inawasomea maisha ya baba yetu, Mwalimu Nzioka, ikiwa ni pamoja na sehemu ambayo tungependa kuiruka.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu wa marehemu Kyalo na marehemu Ndila, akasoma hapa kijijini, akamaliza sekondari mwaka 1967 na kuhitimu ualimu Desemba 1969. Alifundisha Muthetheni, kisha kuanzia 1985 katika shule moja ya msingi mjini Machakos, ambako somo lake lilikuwa Kiingereza. Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Ndanu, wakajaliwa watoto wawili, Kioko na Linet.

Alichokipenda kupita vyote ni yale maneno ambayo Waingereza waliyaazima kwa Kilatini, yakaja na wingi wake wa huko yalikotoka, na darasani kwake mtoto aliyeongeza s tu mwishoni alisimama mpaka kengele ilie.

Julai 1998 alikuwa jaji wa mashindano ya Kiingereza ya shule za msingi mjini, na shule yake ilikuwa imefungana kwa pointi na shule ya Ruweida, msichana wa darasa la saba, binti ya Salah anayeuza mbuzi sokoni. Swali la mwisho lilikuwa wingi wa stadium. Ruweida akajibu, "Stadiums." Mwalimu akashika kipaza sauti, akasema, "Hicho ni Kiingereza cha soko la mbuzi. Ni stadia!" Ukumbi mzima ukacheka, kikombe kikaenda shuleni kwake, na msichana akashuka jukwaani amejifunika uso kwa mtandio.

Jioni ile ile alifungua kamusi kubwa ili amwonyeshe mama, akakuta yameandikwa yote mawili, stadia na stadiums, na yote ni sahihi. Akaifunga, hakumwambia mtu yeyote. Kikombe kilikaa ofisini, wageni wakakisifu, naye akaanza kuzunguka mbali ili asipite sokoni. Aliposikia kwamba Ruweida hainui tena mkono darasani, alikosa usingizi, lakini bado akanyamaza.

Mwezi Mei 2000 alimwambia mama yote, na kesho yake akaenda kwa Salah. Salah alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwalimu, mimi siko na maneno na wewe. Uliaibisha mtoto mbele ya watu. Mwambie yeye, na watu wakiwa hapo."

Julai hiyo, kwenye mashindano ya mwaka huo katika ukumbi ule ule, Ruweida akiwa amekaa nyuma na babake, amevaa sare ya kidato cha kwanza, Mwalimu aliomba kipaza sauti. "Ruweida alijibu sawa," akasema, "mimi ndiye niliyekosa, na nilijua siku hiyo hiyo." Watoto walimcheka, walimu wenzake wakatazama chini, na kikombe shule ilikataa kukirudisha. Ruweida hakupiga makofi wala hakuja kumpa mkono. Nyumbani Mwalimu alimwambia mama, "Amenitazama kama mtu asiyenijua. Na iko sawa."

Alistaafu mwaka 2002. Sukari ilimsumbua kwa muda mrefu, Oktoba 2005 akapooza upande mmoja, na tarehe 3 Februari 2006, asubuhi, akatutoka. Akiwa bado anaweza kuzungumza alituagiza, "Msome na ya Ruweida." Tulibishana sana nyumbani, maana sisi pia tunaona haya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomgeuza kitandani tulipochoka, na walimu wenzake kwa kila safari waliyofunga kuja kumwona. Na kama kati yenu yupo aliyewahi kusimamishwa na kuchekwa darasani kwake, ambaye Mwalimu hakumkumbuka au hakupata nafasi ya kumtafuta, familia inasimama mahali pa baba na kukuomba radhi.

Baba, umetuacha na kazi ngumu, na tumeifanya. Sasa pumzika kwa amani.