Torgunn Sandstad na Koa wa Mwamba wa Skarvhella

Ndugu wafiwa, majirani, wapiga mbizi wenzake, na ninyi nyote mliovuka kwa kivuko cha asubuhi kuja kumsindikiza Torgunn, familia imemkabidhi mdogo wake, Asbjørn, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, naye ameyaandika kama yalivyokuwa, kwa kuwa marehemu hakupenda habari iliyotiwa chumvi.

Torgunn alizaliwa tarehe 11 Machi 1948 kisiwani hapa Hitra, akiwa mtoto wa kwanza wa Peder na Gunnhild Ulvan, akaanza shule mwaka 1955, akamaliza sekondari Orkanger mwaka 1967, akasomea utoaji dawa mjini Oslo, na kuanzia tarehe 1 Agosti 1970 hadi alipostaafu mwaka 2013 alifanya kazi katika duka la dawa la Fillan, ambako hakuna aliyepewa kidonge kabla Torgunn hajasoma kibandiko mara mbili, hata kama mgonjwa mwenyewe alikuwa mama yake mzazi.

Tarehe 23 Juni 1973 alifunga ndoa na Eilif Sandstad, fundi wa injini za mashua, wakajaliwa binti mmoja, Ingunn, aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1976. Eilif ndiye aliyemfundisha kupiga mbizi, naye Torgunn ndiye aliyemfundisha Eilif kuwatambua viumbe waliokutana nao huko chini, na kwa miaka mingi Torgunn alikuwa mtunza kumbukumbu wa chama chetu cha wapiga mbizi.

Wanachama mnaijua kanuni yetu, ila wageni hawaijui. Kwenye kina kirefu rangi nyekundu huonekana nyeusi, baridi hupumbaza akili, na watu wawili wakianza kusimuliana wakiwa bado kwenye ngazi ya mashua, wakifika ufukweni wameshaona kitu kimoja ambacho hakikuwapo. Kwa hiyo kila mmoja, akiwa peke yake, humweleza mshika mashua, yule anayebaki juu na kutunza siri, alichokiona, wenzi hawasemezani juu ya kiumbe mgeni hadi wote wawili wawe wamesimulia, na kisichoonwa na watu wawili hakiingizwi katika kumbukumbu za chama.

Tarehe 12 Februari 1994, kwenye mwamba wa Skarvhella, Eilif alimwona koa wa baharini asiyemjua, wakati Torgunn alikuwa upande wa pili wa mwamba. Eilif alimsimulia Asbjørn, aliyeshika mashua, na jioni ile alipoomba mbele ya wanachama koa wake aandikwe, bila kueleza alivyokuwa, Torgunn alisema, "Jicho moja halitoshi, hata likiwa la mume wangu." Mtu mmoja nyuma akadakia, "Mzee, kanywe kahawa, labda utaona na wa pili!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko, Eilif naye akacheka, lakini kicheko chake hakikuvuka meno, na tangu siku hiyo hakumtaja tena koa yule, wala Torgunn hakumuuliza, maana alikuwa hajamwona.

Eilif alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Oktoba 2007. Kila Februari baada ya hapo, maji yanapokuwa safi, Torgunn alirudi Skarvhella, na tarehe 16 Februari 2022 alipanda mashuani, akamweleza Asbjørn juu ya koa mdogo kama kidole cha mwisho, mwili mweupe kama maji ya wanga, mwenye pembe mgongoni zenye ncha za rangi ya chungwa, za kulia zikiwa na ncha moja moja na za kushoto mbili mbili. Asbjørn alipofungua mdomo, dada yake aliinua mkono uliokuwa bado ndani ya glavu na kusema, "Bado."

Mwezi Septemba mwaka uliofuata aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Torgunn akiwa amelazwa hospitalini Trondheim, Asbjørn alimwambia, "Dada, muda wenyewe ndio huu. Nikwambie alichosema Eilif?" Naye akajibu, "Usithubutu. Nitamuuliza mwenyewe." Hatujui kama aliogopa jibu au alikuwa analitunza. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Novemba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ingunn.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliomletea supu ya samaki hata alipokuwa hawezi kuinywa, wafanyakazi wenzake wa duka la dawa, na wanachama waliobeba jeneza.

Sasa mshika mashua anaruhusiwa kusema. Eilif alisema: mdogo kama kidole cha mwisho, mweupe kama maji ya wanga, ncha za rangi ya chungwa, na pembe za kushoto tu zina ncha mbili mbili. Wameona watu wawili. Aandikwe.

Dada, leo tunakulaza ubavuni mwa Eilif. Mmeshasimulia wote wawili, sasa mnaweza kuzungumza. Pumzikeni kwa amani.